Namna ya Kupima Kifurushi cha "WhatsApp Bure"

Kifurushi kinachotangazwa kuwa na WhatsApp ya bure hakikupi intaneti ya bure. Kampuni ya simu huyatambua mawasiliano yanayokwenda kwenye seva za WhatsApp na kuacha kuyakata kwenye MB zako, huku mengine yote yakihesabiwa kama kawaida. Kabla ya kuzoea kukinunua kila wiki, kipime mara moja.

Zima Wi-Fi, kisha uingie kwenye mipangilio ya simu uzizuie programu nyingine kutumia data zikiwa zimefungwa, maana simu inayojisasisha katikati ya jaribio itakuvurugia hesabu. Andika salio la MB, tuma ujumbe na picha kwa dakika kumi, subiri kidogo kwa kuwa mifumo mingine huchelewa, halafu uangalie salio tena. Lisipopungua, ujumbe na picha vimo.

Jaribio la pili ndilo huumbua vifurushi vingi. Piga simu ya video humohumo WhatsApp, uangalie salio; kisha ubonyeze kiungo cha habari kilichotumwa kwenye kundi, uangalie tena. Kiungo kikifunguka umekwisha kutoka WhatsApp: ukurasa unatoka kwenye seva ya gazeti, na wewe ndiye unayeulipia. Watu hulalamika kwamba wameibiwa bando, kumbe limeliwa na video iliyojicheza yenyewe juu ya ukurasa. Ukiwasha VPN, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva nyingine kwanza, kwa kawaida hata ujumbe hukatwa kwenye MB zako, kwani kampuni huiona seva ya VPN tu.

Sasa linganisha na kifurushi cha kawaida cha bei ileile. Anayechati kutwa nzima atanufaika; anayesoma habari au kutafuta ajira mtandaoni anafaa kuchukua MB zisizochagua pa kwenda, hata zikiwa chache. Suala la nani anachagua MB ziende wapi, wewe au kampuni, ndilo kiini cha usawa wa mtandao, yaani kanuni ya kutobagua maudhui, na ndilo lililoifanya mamlaka ya mawasiliano ya India, TRAI, mwezi Februari 2016 ipige marufuku bei za data zinazobagua maudhui. Facebook ikaiondoa nchini humo Free Basics, huduma yake ya kufungua tovuti chache bila kulipia data.

Matokeo yako yakipingana na tangazo, iandikie kampuni ukitaja tarehe, saa na salio la kabla na la baada. Isipokujibu, yapeleke maandishi hayohayo TCRA kama uko Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano kama uko Kenya.