Kuzuia panya wasiingie kwenye njia ya hewa ya gari

Panya hupitia tundu la hewa lililo chini ya kioo cha mbele, karibu na waipa, na mara nyingi hujenga kiota juu ya filta ya AC. Ukikuta mavi, vaa glavu na barakoa, nyunyizia dawa ya kuua vijidudu, subiri dakika 5, ndipo ufute. Usipulize kwa kompresa kamwe: vumbi lake ni hatari kwa mapafu.

Kisha ng'oa waipa na plastiki iliyofunika tundu. Kata wavu wa chuma usioshika kutu, matundu ya milimita 6, uzidi tundu kwa sentimita 2 kila upande. Ukaze kwa skrubu fupi. Wavu wa plastiki hutafunwa, na ule wa mbu huziba kwa vumbi, feni ikakosa hewa. Njia za kutolea maji ya mvua ziache wazi.