Kutoka Wodi ya Jeshi hadi Hospitali ya Kiraia: Mwongozo kwa Wauguzi wa Nyanda za Juu Kusini

Muuguzi anayemaliza utumishi wake katika Jeshi la Wananchi wa Tanzania na kutaka kuendelea na kazi Mbeya, Iringa au Njombe aanze na leseni kabla ya kuandika barua yoyote ya maombi. Akiwa bado kikosini, ahakikishe kwamba usajili wake katika Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania uko hai, kwamba jina lililo kwenye leseni linalingana na la vyeti vya shule na kitambulisho cha taifa, na kwamba mafunzo aliyoyapata jeshini yana uthibitisho wa maandishi. Kuyafuatilia hayo baada ya kukabidhi sare ni kazi ndefu.

Yanayofuata ni umri na namna anavyotoka jeshini. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huweka kikomo cha miaka 45 kwa mwombaji asiyekuwa tayari kazini serikalini, na huwazuia waliostaafu utumishi wa umma wasiokuwa na kibali cha Katibu Mkuu Kiongozi. Kwa hiyo mstaafu, kwa maoni yangu, asikae miezi akisubiri nafasi ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ilhali ukanda huu umejaliwa hospitali za mashirika ya dini: Ikonda kule Makete, Ilembula wilayani Wanging'ombe, Tosamaganga nje kidogo ya mji wa Iringa, Chimala wilayani Mbarali na Igogwe wilayani Rungwe. Baadhi ya hospitali za aina hii huwa na watumishi wa serikali na wa shirika chini ya paa moja, hivyo aulize mapema nani atakayemlipa mshahara.

Katika wasifu, cheo cha sajenti au luteni hakimwambii Muuguzi Mfawidhi jambo lolote. Aandike kazi yenyewe: wodi aliyoisimamia ilikuwa na vitanda vingapi, aliongoza wauguzi wangapi katika zamu, kama alihudumu chumba cha upasuaji, kama alitunza stoo ya dawa na kuhesabu dawa zenye udhibiti. Mambo ya operesheni na idadi ya askari hayahusiki, na wala si yake kuyatoa.

Pengo kubwa huwa katika huduma za mama na mtoto. Hospitali za jeshi nazo hutibu raia, lakini aliyehudumu zaidi katika vituo vya ndani ya kambi anaweza kuwa hajashika patografu, yaani chati ya kufuatilia maendeleo ya uchungu wa mama anayejifungua, kwa muda mrefu, hajapanga ratiba ya chanjo, wala hajajaza vitabu vya MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya), ambavyo katika zahanati yenye wauguzi wawili hujazwa na yeyote aliye zamu. Aongeze pia huduma ya kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, kwa kuwa Njombe, Iringa na Mbeya zimo miongoni mwa mikoa yenye maambukizi makubwa zaidi nchini. Dawa ya pengo hilo ni kuomba kwa Mganga Mfawidhi kipindi cha kujitolea, kwanza wodi ya wazazi kisha kliniki, kwa makubaliano ya maandishi yanayotaja muda, msimamizi na posho, ikiwapo.