Jinsi ya kuangalia mdundo wa kaa akiwa bado ndani ya yai

Kama uko Mombasa una bahati, mikoko ya Tudor na Mtwapa iko hapo karibu na hadubini ya shule ya mara 40 inatosha. Lakini anza jikoni. Siku ukisafisha kaa wa kupika, kile kifuko nyuma ya macho usikitupe, kipasue taratibu, ndani utakuta meno matatu magumu, moja katikati mawili ubavuni, yaani hilo ni tumbo na ndipo anaposagia chakula. Linaendeshwa na fundo la neva lenye niuroni, yaani seli za neva, kama 30 tu, na fundo hilo linapiga midundo miwili, wa kusaga ambao ni wa polepole, na wa kuchuja ambao kila mzunguko ni kama sekunde moja.

Sasa mayai. Nenda maji yakitoka, siku chache kabla ya bamvua, yaani maji makuu ya mwezi mpya au mwezi mpevu, maana kaa wengi wa mikoko huachilia watoto usiku maji yakijaa wakati huo, kwa hivyo mayai yanakuwa yamekomaa. Tafuta jike mwenye mayai chini ya mkia uliokunjwa, toa kama 10 kwa kibano halafu mrudishe palepale ulipomtoa, tafadhali usimweke kwa ndoo, utampoteza yeye na maelfu ya watoto.

Weka yai kwenye kioo na tone la maji ya bahari. Yai changa limejaa kiini, huoni kitu. Lililokomaa utaona madoa meusi mawili, hayo macho, na karibu na kiini kilichobaki kuna kitu kinatetemeka mbio mbio, huo ndio moyo! Usijaribu kuhesabu kwa macho, weka kamera ya simu kwenye lenzi, rekodi sekunde 15, icheze polepole, hesabu, zidisha mara 4. Na uzime taa ya hadubini mapema, maji yakipata moto moyo unaenda mbio zaidi na hesabu inaharibika. Ukisubiri kidogo utaona miguu inashtuka shtuka.

Tumbo lenyewe hutaliona hivi, na hapo ndipo penye utamu. Mwaka 1999 watafiti wa Ufaransa, Le Feuvre, Fénelon na Meyrand, walichukua viinitete vya kambamti, fundo la tumbo tayari lina niuroni zake lakini zote zinapiga mdundo mmoja pamoja. Wakalitenga na neva zinazoshuka kutoka ubongoni, na midundo ya kambamti mzima ikatokea, kila mmoja kivyake. Yaani ngoma zote zilikuwa zimeshawambwa mle ndani ya yai, ni ubongo ndio uliokuwa unazifanya zipige kama moja.

Bamvua inayofuata rudi tena, na safari hii andika rangi ya mayai na ukubwa wa macho kando ya hesabu ya moyo.