Kesho unaingia thieta? Usimfiche mtu wa usingizi

Mi kazi yangu ni usingizi. Sio huo wa kitandani kwako, ni ule wa thieta, chumba cha upasuaji, yaani nusu kaputi ya kulala kabisa na sindano ya ganzi ya mgongo, nipo Moshi na kabla ya hapo nilikaa Arusha, na karibu kila wiki nakutana na mtu aliyejipanga kwa kila kitu, ndugu wameshuka kutoka Rombo, mambo ya bima yamekaa sawa, mchungaji ameshaombea, alafu kitu kimoja tu ninachokihitaji mimi kutoka kwake ananificha. Ndo maana naandika.

Watu wengi wanajua daktari wa upasuaji ndo anafanya kazi na sisi tunachoma sindano tunakaa. Hapana bwana. Ukiwa nusu kaputi kazi yangu kubwa ni pumzi yako. Nyumbani ukilala ulimi ukirudi nyuma unakoroma, unajigeuza, mke anakupiga kiwiko, maisha yanaendelea. Kwenye nusu kaputi hujigeuzi na hata ukipigwa kiwiko huamki, misuli yote imelegea, ulimi unaangukia kooni na mlango wa hewa unafungwa, kwa hiyo kuanzia hapo pumzi yako naishika mimi mpaka uamke. Sasa mambo yote ninayokuuliza siku moja kabla yanatoka hapo, sio umbea.

Tuanze na tumbo maana ndo linalotuletea ugomvi kila siku. Unajua kupaliwa, maji yakipita njia siyo unakohoa mpaka machozi. Kile kikohozi ni mlinzi. Nikikulaza, na mlinzi analala, kwa hiyo chakula kikipanda kutoka tumboni hakuna wa kukizuia, kinaingia kwenye mapafu pamoja na ile tindikali ya tumbo na hapo tunaongelea hatari ya kufa kabisa, sio kikohozi. Kwa hiyo kwa mtu mzima, chakula cha kawaida kiwe kimepita masaa 6, kama ulikula mafuta na nyama, chipsi kuku, kitimoto, weka masaa 8. Maji matupu unaweza kunywa mpaka masaa 2 kabla. Chai ya rangi isiyo na maziwa ipo kundi moja na maji. Chai ya maziwa ni chakula! Uji ni chakula. Mbege ndo usiniulize, ile ina ulezi na ina pombe humo humo. Mtoto anayenyonya, ziwa la mama mwisho masaa 4, maziwa ya ng'ombe au ya kopo masaa 6.

Kwa mfano umeambiwa saa mbili asubuhi, basi kula chakula cha usiku cha kawaida ukalale, na maji unaweza kunywa mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kuna wengine nao wanazidisha, anafunga toka jana mchana anakuja midomo imekauka, mishipa imejificha natafuta pa kuweka kanula, kale kamrija ka dripu, mkono mzima. Kwa watoto hiyo ni mbaya zaidi, sukari inashuka. Uliza umepangwa wa ngapi kwenye orodha, ni haki yako kuuliza.

Nilikuwa na mzee mmoja hivi, operesheni ya henia, hospitali siitaji. Namuuliza mzee shikamoo, umekula? Sijala mwanangu. Umekunywa? Sijanywa. Yuko mezani tayari, namsogelea kumwekea maski, nasikia harufu ya tangawizi. Tangawizi kabisa, mbichi. Mzee, hii nini? Ananiambia aah, kachai tu, mama yako kasema mtu haendi kupigwa kisu na njaa. Kachai kenyewe kumbe kikombe kile kikubwa cha bati na maziwa na maandazi mawili. Tukaahirisha, watoto wake wakanijia juu kwamba tunawasumbua, wamefunga duka, mi nikanyamaza. Kesho yake alifanyiwa akatoka salama. Ukikosea ukala, sema tu, kuahirisha hakuuwi. Na kama ni dharura, mfano umeanguka na bodaboda tumbo limejaa wali, tunayo namna yetu ya kufanya kwa watu wa tumbo lililojaa, ila lazima nijue.

Mdomo sasa. Nitakwambia kaa wima, fungua kinywa chote, toa ulimi bila kusema aa. Watu wanacheka. Hicho kipimo kimepewa jina la daktari Mallampati aliyekiandika mwaka 1985, naangalia naona kiasi gani cha koo nyuma ya ulimi, nikiona kimeo chote vizuri nafurahi, nikiona ulimi tu na paa la kinywa najua kesho kukupitishia kooni mpira wa hewa inaweza kuwa kazi na najiandaa na vifaa vya ziada na mtu wa pili. Nitakuuliza vidole vyako vitatu vinaingia mdomoni kwa wima? Shingo inaenda nyuma? Una tezi la shingo? Unakoroma mpaka mwenzako anasema kuna muda pumzi inakata? Hilo la mwisho wanaume wanakataa, namuuliza mkewe.

Meno. Jino linalocheza sema, la kubandika vua uache kwa ndugu. Kile chuma tunachotumia kuangalia njia ya hewa kinapita karibu sana na meno ya juu, jino bovu likidondoka linaenda kukaa kwenye pafu na utakuwa umekuja na henia unaondoka na kesi nyingine. Ndevu nyingi nazo, maski haikamati vizuri shavuni, hewa inavuja pembeni, ukiombwa upunguze usione unadharauliwa.

Kina dada, kucha. Ile klipu ya kidoleni inapitisha mwanga kwenye kidole kusoma oksijeni ya damu, sasa ukija na kucha za kubandika nene, rangi nyeusi na hina imekolea mpaka kiungo cha pili, klipu inahangaika. Toa. Ukishindwa kabisa na harusi ya binamu ni jumamosi, basi niachie hata vidole viwili. Wigi lenye vibanio vya chuma liache wodini.

Sigara acha mapema iwezekanavyo, wiki kadhaa ndo vizuri, ila hata ukiacha toka jana yake damu inabeba oksijeni vizuri kuliko aliyevuta getini asubuhi. Pombe niambie ukweli wa kiasi, simwambii shemeji yako, inabadilisha dozi na inabadilisha utakavyoamka. Mirungi pia. Dawa za kienyeji pia. Dawa za presha na sukari uliza zipi unywe asubuhi hiyo na zipi uache. Na kama kwenye ukoo kuna mtu alipata shida kubwa kwenye nusu kaputi, homa kali ya ghafla au hakuamka, hiyo usiiache nyumbani.

Pale mezani penyewe hamna maajabu. Nakuwekea maski nakwambia vuta pumzi ndefu, kama dakika 3. Hewa ya kawaida oksijeni ni kama asilimia 21 tu, hapo najaza mapafu yako oksijeni tupu ili ukilala niwe na dakika kadhaa za akiba wakati naweka mpira, kwa hiyo usinisukume mkono unasema nakubana, vuta. Dawa ya usingizi, nyeupe kama maziwa, ikiingia mkono unaweza kuwaka kidogo, ni kawaida. Ukiamka koo litauma na sauti kukwaruza siku moja mbili, mpira ulipita hapo.

Kama ni sindano ya mgongo, operesheni nyingi za uzazi ziko hivyo, unajikunja kama mtu anafua nguo kwenye beseni lililo chini, mabega yamelegea, hutikisiki. Miguu inakuwa ya moto alafu mizito kama sio yako. Utasikia kuvutwa na kuguswa, maumivu hutakiwi kusikia, ukisikia sema usione aibu. Kutetemeka kupo, hasa mwezi wa saba huku kwetu na hiki kibaridi. Na ile stori kwamba sindano ya mgongo inaharibu mgongo maisha yote, hapana, pale palipochomwa panaweza kuuma siku chache. Ila kichwa kikigonga vibaya ukikaa na kikitulia ukilala, hicho kinatokana na sindano na kina matibabu, rudi useme.

Haya, maumivu. Hapa ndo nagombana na wababa. Nilikuwa na baba mmoja wa Old Moshi, kapasuliwa tumbo kidonda kirefu, kila nesi akipita anasema niko poa. Mapigo yanakimbia, jasho kwenye paji la uso, kashika shuka kwa ngumi, niko poa. Hakohoi, havuti pumzi ndefu kwa sababu akivuta kidonda kinamkata, siku ya tatu homa, kifua kimejaa. Yaani operesheni ilienda safi kabisa, nimonia ikaja kwa kujikaza. Alinambia jandoni tulifundishwa kutolia. Nikamwambia baba, jandoni hukukatwa tumbo.

Kwa hiyo ukiulizwa kati ya 0 na 10 unaumwa ngapi taja namba, na usiipime ukiwa umelala kimya kama sanamu, ipime ukikohoa au ukijigeuza. Dawa ombeni mapema. Ganzi ya mgongo ikianza kuachia, masaa mawili matatu hivi na vidole vya miguu vinaanza kucheza, mwambie nesi hapo hapo, usisubiri moto uwake maana maumivu yakishashika yanataka dawa nyingi zaidi kuyashusha. Tunachanganya dawa za aina tofauti ili kila moja iwe kidogo. Paracetamol kwa mtu mzima gramu 1 kila masaa 6, isizidi gramu 4 kwa siku, na angalia usije ukanywa dawa ya mafua yenye paracetamol humo humo ukajikuta umezidisha. Diklofenaki inasaidia ila ukiwa na vidonda vya tumbo, figo, au pumu sema kwanza. Mofini watu wanaiogopa kwamba utakuwa teja, dozi za siku chache wodini chini ya uangalizi sio habari hiyo. Tahadhari ya mofini ni pumzi, ikizidi mtu analala mno na anapumua polepole, ukimwita haitiki vizuri, hapo nesi aitwe mbio.

Na wewe ndugu unayekaa na mgonjwa, masaa ya mwanzo alale ubavu au kichwa kimeinuka kidogo kadri alivyoelekezwa. Akikoroma kwa nguvu, au kifua kinapanda na kushuka ila pumzi huisikii puani, shika taya kwa chini kwenye kona zake mbili lisukume mbele, ulimi utatoka kooni, huku unapiga kelele ya kumwita nesi. Ukiambiwa umkohoze, mpe mto aukumbatie kwenye kidonda ndo akohoe, inauma nusu yake. Maji ya kijiko usimpe mpaka nesi aseme. Kila mama mkwe anakuja na chupa ya mtori saa hiyo hiyo mgonjwa bado anaongea lugha haijulikani, mama shikamoo, tunaomba hiyo chupa ikae kwanza kwenye kabati.