Injini ya hewa moto kwa makopo: tuanze na msuguano

Injini hii haina boila wala haichomi mafuta ndani. Hewa ile ile imefungiwa koponi: ikishuka kwenye moto inatanuka, ikipanda kwenye maji baridi inanywea. Robert Stirling, mchungaji wa Scotland, aliipatia hataza mwaka 1816. Anayeshindwa kuizungusha kwa kawaida huongeza moto, na hapo ndipo anapopotea. Kinachoua injini ndogo ni msuguano na hewa inayovuja.

Vifaa ni vya kuokoteza: ukizunguka soko la Kibuye, Kisumu, siku ya Jumapili hukosi makopo, spoki za baiskeli, erio (antena) mbovu za redio, puto na CD zilizokwaruzika.

Kopo la nje. Liwe la chuma (jaribu kwa sumaku) na kitako kisicho na mshono. La alumini hupitisha joto upesi mno, juu nako kukachemka. Tuseme kina chake ni milimita 100.

Kopo la ndani. Kata makopo mawili ya soda, uyachomeke moja ndani ya jingine upate pipa jepesi lililofungwa, urefu milimita 70. Lisiguse ukuta: liache nafasi ya milimita 2 au 3 kuzunguka pande zote. Kazi yake ni kuihamisha hewa tu, juu na chini. Likipanda na kushuka milimita 24, kila mwisho hubaki nafasi ya milimita 3.

Spoki na erio. Hapa usiharakishe. Spoki inayobeba kopo la ndani hupita katikati ya kifuniko kupitia kipande cha erio. Chagua kipande ambacho spoki, ukiiachilia, inateleza kwa uzito wake yenyewe, lakini hewa haipati mwanya. Nyoosha spoki juu ya kioo, isugue kwa msasa laini, tia tone moja la mafuta ya cherehani. Grisi hapana, inakwamisha. Kisha funga kifuniko kwa silikoni nyekundu ya gasketi, ile ya mafundi wa magari, uiache ilale usiku kucha. Juu yake weka ukingo wa bati wa kushika maji.

Puto. Toboa tundu la pili kifunikoni, bandika mdomo wa chupa ya plastiki, uufunike kwa puto lililolegea. Likivutwa kama ngozi ya ngoma, halitacheza.

Krenki. Hii ndiyo mhimili uliokunjwa unaozunguka. Kunja spoki nyingine iwe na mikono miwili: wa kuunganishwa na spoki ya kopo la ndani milimita 12, wa kuunganishwa na puto milimita 4, na wa kopo utangulie kwa digrii 90 kufuata upande wa mzunguko. CD mbili ndizo flaiwili, gurudumu la kuendeleza mzunguko. Gundisha nati upande wa pili ili kusawazisha uzito wa kopo. Kabla ya kuunga chochote, ipige kwa kidole. Ikisimama mara moja, rudi kwenye msasa.

Washa mshumaa, subiri dakika mbili tatu, kisha isukume flaiwili kidogo.

Maswali ya wanakikundi

*Kakamega: Fundi, yangu inazunguka mara mbili inasimama. Niongeze mishumaa?*
La. Paka povu la sabuni kwenye maungio, bonyeza puto: mapovu yatakuonyesha panapovuja. Kama hapavuji, gusa maji ya juu. Mchana wa Kisumu yanapata moto haraka. Badilisha kwa maji ya mtungi.

*Busia: Nikitia maji ndani ili mvuke usaidie?*
Usithubutu, ndugu yangu. Puto litapasuka na mvuke ukuunguze uso.

*Nakuru: Itachaji simu?*
Haitachaji. Haifikishi hata wati moja, na chaja ndogo ya kawaida ni wati 5.

*Kisumu: Reli ilifika hapa 1901 kwa mvuke. Mbona hawakutumia hii?*
Ingekuwa kubwa na nzito mno kwa nguvu inayotoa. Mwaka 1843 kiwanda kimoja cha Dundee, Scotland, kiliendeshwa kwa injini ya Stirling, lakini chuma cha zama zile hakikustahimili moto na sehemu za joto zikaharibika tena na tena. Mwishowe wakarudia mvuke.

*Bungoma: Sina mshumaa, nina kibatari.*
Kinafaa. Punguza utambi, na kila baada ya muda futa masizi kitakoni.