Namna ya Kufundisha Ukubwa na Asili ya Ziwa Superior kwa Wanafunzi wa Kigoma

Mwanafunzi wa Ujiji au Kibirizi aliyekua akilitazama Ziwa Tanganyika hakubali kirahisi kwamba Ziwa Superior, lililo mpakani mwa Marekani na Kanada, linalizidi kwa eneo zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mwalimu asianze na takwimu ubaoni, bali awatoe wanafunzi nje wakiwa na rula na vijiti.

Kwenye mchanga uliosawazishwa, sentimita 1 iwakilishe kilomita 10. Tanganyika litakuwa mfereji wenye urefu wa sentimita 67 na upana wa takribani 5. Superior litakuwa na urefu wa sentimita 56 na, mahali palipo pana zaidi, karibu 26. Hapo kilomita za mraba 82,100 dhidi ya 32,900 hueleweka bila ubishi. Kina kisichorwe kwa kipimo hichohicho, kwani mita 1,470 za Tanganyika zingekuwa milimita moja na nusu tu. Tumia sentimita 1 kwa mita 100, kisha chomeka kijiti cha karibu sentimita 15 kwa Tanganyika, na cha sentimita 4 kwa Superior, ambalo kina chake ni mita 406. Darasa huchangamka hapa, nalo lina haki, maana ziwa la nyumbani ndilo lenye maji mengi zaidi: kilomita za ujazo zipatazo 18,900 dhidi ya 12,100.

Tofauti hiyo inatokana na asili. Tanganyika ni zao la ardhi iliyopasuka na kudidimia katika Bonde la Ufa, ilhali beseni la Superior lilikwanguliwa na barafu yenye unene wa zaidi ya kilomita moja, iliyoondoka huko miaka 10,000 hivi iliyopita. Hata hivyo, mwalimu asifiche kwamba chini ya Superior nako kuna ufa, mkongwe wa miaka bilioni 1.1, uliojaa miamba ya volkano na mashapo. Barafu ilichimba zaidi palipokuwa laini.

Ili waone kwa macho, gandisha maji katika kopo lenye kokoto na mchanga. Siku ya pili litoe bonge, upande wa kokoto uwe chini, ulikandamize na kulisukuma polepole juu ya mche wa sabuni, kisha juu ya udongo mbichi wa mfinyanzi. Sabuni itabaki na michirizi sambamba, kama ile inayoonekana kwenye miamba ya mwambao wa Superior. Udongo utachimbika, na mabaki yatarundikana mbele. Rudia mpaka shimo litokee, halafu liache bonge liyeyukie humohumo.