Unahamia Kirongwe? Namna ya kuishi kwenye mji wenye nchi mbili

Kama unatoka Mwanza unakuja kuishi Kirongwe, huku mpakani mwa Tanzania na Kenya, iwe ni uhamisho wa kazi, umeolewa huku au unatafuta dagaa, soma hii kwanza maana mi nilikuja bila kuambiwa kitu na ilinigharimu. Panda gari ya Sirari, ukishavuka daraja la Kirumi shuka Mika kabla hujafika Tarime, hapo unakata kushoto, Utegi, Shirati, afu Kirongwe. Mji umetulia, jioni unasikia ng'ombe na redio, na hapo mbele tu ni Kenya, njia ya kwenda Muhuru Bay.

Anza na hati. Watakwambia huku hakuna mpaka, na kweli utaona bibi anavuka kwenda kumsalimia mdogo wake anarudi na kuku kwapani. Huo mstari Waingereza na Wajerumani waliuchora 1886, ukatoka pwani ukaja kuishia ziwani hapa kwenye digrii 1 kusini, hakuna aliyeuliza shamba la nani wala ukoo gani, kwa hiyo bibi anajulikana pande zote. Wewe haujulikani. Njia za panya achana nazo, nenda uhamiaji uchukue hati ya dharura kama huna pasi, gonga muhuri ukienda, gonga ukirudi.

Hela sasa. Ukitajiwa bei usitoe pochi kabla hujauliza "ya Kenya au ya kwetu?" maana shilingi ni jina moja ila thamani ni mbali sana, na mia tatu ya ng'ambo ni maelfu ya kwetu. Kabla ya kubadilisha uliza watu wawili watatu bei ya siku hiyo. Na simu izime kutafuta mtandao yenyewe, chagua mtandao wako kwa mkono, la sivyo umelala kitandani kwako Tanzania inadaka mnara wa Kenya, bando linaisha hivi hivi.

Dagaa ndo kwenye maneno. Ng'ambo wanaita omena, wanapima kwa gorogoro, yaani kopo lao, sisi tumezoea sado na debe, kwa hiyo kubalianeni kipimo kabla ya kumwaga mzigo. Mzigo ambao haufiki dola 2,000 una utaratibu mwepesi wa Afrika Mashariki, unapewa cheti rahisi cha kuonyesha bidhaa imetoka hapa na ushuru wa forodha haulipi kama bidhaa iko kwenye orodha, ila vibali vingine viko pale pale, na hapo ndo wengi wanaanguka. Nimeona mama mmoja magunia yake yamelala mpakani siku mbili kwa karatasi moja tu, mvua ikanyesha usiku, asubuhi dagaa zinanuka na yeye hela ilikuwa ya mkopo wa kikundi. Iliniuma mno. Kata vibali kabla hujapakia, tafadhali sana.

Mifuko ya plastiki usibebe, Kenya walipiga marufuku 2017, sisi 2019.

Ukiingia ziwani nchi kavu ina nguzo za mpaka lakini majini hakuna kitu, upepo ukivuta nyavu usiku unajikuta ng'ambo na mtumbwi unakamatwa. Nenda na leseni yako, jiandikishe BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, na nahodha awe mzaliwa wa hapa anayesoma milima.

Salamu jifunze, asubuhi "oyawore", ukisaidiwa "erokamano", Wajaluo wako pande zote na mgeni anayejaribu wanampokea vizuri.

La mwisho ni misiba. Jirani yako hapa kaka yake anazikwa kule, taarifa inakuja saa nne usiku na asubuhi mtaa mzima unaondoka, na usipoenda watu wanakumbuka miaka. Hati yako na shilingi kidogo za Kenya za rambirambi viweke pamoja na kitenge au koti lako la msibani, visitoke hapo.